Habari za Bwana Funguo, Aliyeketi Mpaka Baraka

Jongeeni, enyi mliokaa nanyi mliosimama! Waiteni walio jikoni waache masufuria, waiteni walio barazani waache siasa, na mwenye kikohozi na akohoe sasa amalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Nitawasimulia kitendo ambacho majemadari waliovuka majangwa hawakukithubutu, na wafalme wenye viti vya dhahabu hawakukiweza sawasawa. Mimi mwenyewe, mpiga kinanda wa kanisa letu kwa miaka kumi na saba, nimekishuhudia mara moja tu, tena kupitia kioo kidogo kilichofungwa kwa waya juu ya kinanda changu ili nimwone mchungaji akiniashiria. Nitawasimulia jinsi mtu mmoja alivyoketi.

Msicheke. Najua mnasema moyoni, kuketi nako ni kitu? Hata kuku huketi. Ngojeni kwanza mjue ni nani aliyeketi, na wapi, na siku gani, ndipo mcheke kama bado mtataka kucheka.

Shujaa wetu alikuwa mtunza kanisa. Jina lake la ubatizo limo katika daftari la ofisini na hakuna aliyelitumia. Sisi tulimwita Bwana Funguo, kwa kuwa kiunoni mwake zilining'inia funguo kumi na tisa katika waya mmoja, na alipotembea zililia kama njuga za farasi wa vita. Mshika Makomeo! Mfukuza Popo! Simba wa Ufagio, aliyejua kila dirisha lina ugonjwa gani na kila benchi hulia upande upi! Yeye ndiye aliyelifungua kanisa kabla ya jua na kulifunga baada yake. Ndiye aliyepanga vitabu vya nyimbo, akajaza tangi la maji, akawasha vipaza sauti, akawatoa mbwa na kuwaingiza wageni. Na ibada ilipoanza, sisi wengine tukiwa tumeshajitandaza, yeye alisimama mlangoni, mgongo ukutani, kisigino cha mguu wa kulia kimeukandamiza mlango mkubwa, na hapo alisimama mpaka mwisho isipokuwa alipokwenda tangini au alipoitwa. Na kuitwa, aliitwa.

Sote tulidhani anasimama vile kwa heshima. Kikumbukeni hicho kisigino, nitakirudia.

Sasa, Bwana Funguo alikuwa na mke, Mkunga wa zahanati, mama mpana wa mabega na mchache wa maneno, ambaye mikono yake ilipokea nusu ya vijana wetu wa kwaya na kuwapiga kofi lao la kwanza. Walioana humo humo kanisani miaka ishirini na sita iliyopita. Siku ya harusi waliketi bega kwa bega benchi la mbele. Juma lililofuata mtunza kanisa wa zamani akastaafu, bwana harusi akakabidhiwa funguo, na tangu siku hiyo wawili hao hawakuketi tena pamoja ndani ya nyumba ya Mungu. Kila Jumapili Mkunga aliketi benchi la nne, upande wa madirisha, na pembeni yake, pale pa mume, aliuweka mkoba wake mweusi. Wageni walidhani ni mjane. Mama mmoja aliwahi kumpa pole, naye akajibu, "Nimeshapoa, ahsante. Marehemu ndiye yule aliyekufungulia mlango."

Huo ulikuwa mzaha, nasi tulicheka miaka mingi. Kumbe mwenyewe alikuwa ameacha kucheka zamani.

Haya niyasemayo nayajua, kwa maana nyumba yangu na yao zinagawana ukuta, na ukuta ule ni mwembamba. Sikutega sikio, sikio lilijitega lenyewe. Ilikuwa Jumamosi alasiri, Mkunga akipiga pasi, Bwana Funguo akisugua viatu.

"Baba," alisema Mkunga, "kesho si ndiyo Jumapili ya Pumziko?"

"Ndiyo, mama. Ndiyo maana naamka saa kumi alfajiri."

"Kesho utakaa na mimi."

"Nitakaa, mama. Nikishamaliza."

"Huo 'nikishamaliza' wako umeanza tangu wiki ya harusi. Nimezalisha watoto wa watu, wakakua, nao nikawazalisha, na wewe bado hujamaliza."

"Sasa mlango ataushika nani?"

"Sijui. Lakini nisikilize vizuri, maana sitarudia." Pasi ikawekwa chini, nikaisikia. "Kesho ukikaa na mimi tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka, mambo yameisha, hatujaongea. Ukiinuka kabla ya baraka, hata kama ni kwa kufukuza nzi, Jumapili ijayo nahamia kanisa la dada yangu, ng'ambo ya mji. Kule watu wanaamini nina mume kwa sababu hawajamwona. Hapa wanamwona kila wiki, na mimi nakaa na mkoba."

Kisha nikasikia funguo zikiwekwa mezani, zote kumi na tisa, taratibu, na Bwana Funguo akasema kwa sauti ya mtu anayevua shati mbele ya daktari, "Haya."

Nami upande wa pili nikaacha kutafuna. Mkunga hana mzaha. Akikwambia sukuma, unasukuma.

Sasa na niwaeleze hiyo Jumapili ya Pumziko, ili msije mkadhani ilikuwa siku ya kupumzika. Mwenyekiti wa wazee wetu wa kanisa ni mtu mwema tunayemwita Mzee Ratiba, kwa sababu hajawahi kuonekana bila karatasi ya saa na dakika katika mfuko wa koti. Mzee Ratiba alitazama kundi lake, akaona kwamba waumini hawaitunzi siku ya Bwana, wanahangaika kutwa nzima. Roho ikamuuma, akaunda kamati. Kamati ya Pumziko ilikutana Jumapili saba mfululizo, baada ya ibada mpaka jua linazama, wajumbe wakirudi kwao wamepauka midomo kwa njaa. Wiki tatu zilipotea katika hoja moja tu, kwamba je, pumziko la kweli ni siku ya saba, Muumba alipotua, au ni siku ya kwanza, kaburi lilipokutwa wazi? Walibishana mpaka wakanuniana. Na muda wote huo Bwana Funguo alikuwa akiwapangia viti, yeye ambaye siku ya saba alifagia na siku ya kwanza alifungua, na hakuna aliyewahi kumuuliza maoni.

Mwishowe ikazaliwa ratiba ya kurasa nne. Maombi ya alfajiri, maandamano, ibada, kisha ukumbini semina juu ya pumziko yenye mada tatu na wasemaji watatu, maswali, majibu, chai ya dakika kumi, neno la shukrani, na jibu la neno la shukrani. Niliisoma mara mbili nikitafuta mahali ambapo mtu angepumzika. Hapakuwapo. Labda kupumzika kulipangwa kwa mwaka ujao.

Basi jua la siku ile likachomoza, maandamano yakaandamana, kengele ikalia, watu kama mia mbili wakaingia na vumbi lao. Nikaanza wimbo wa kwanza. Na hapo, katika kioo changu kisichozidi kiganja cha mkono, nikaona ajabu. Bwana Funguo alikuwa anatembea kuja mbele! Alivaa koti la harusi, lililombana makwapani kwa mambo ya miaka ishirini na sita, na alikuja bila mlio wowote, maana funguo hakuwa nazo. Watu walimpisha wakidhani ni mgeni. Alifika benchi la nne. Mkunga akauondoa mkoba, akaupakata, na mkoba ukalia njuga. Ndani yake, enyi wasikilizaji, zilifungwa silaha zote kumi na tisa. Bwana Funguo akageuka, akashika koti nyuma, akaketi.

Nikakosea noti. Ndiyo, mimi. Andikeni.

Hapo vita vikaanza, na adui hakuwa mmoja. Wa kwanza kushambulia alikuwa kipaza sauti, kilichopiga unyende katikati ya sala kama kimekanyagwa mkia. Vichwa mia mbili vikageuka mlangoni, kama tulivyozoea; vikakuta ukuta mtupu. Vikageuka tena, vikitafuta, mpaka vikatua benchi la nne. Mkono wa Bwana Funguo ulikuwa umeshafika kiunoni.

"Tulia," alisema Mkunga, bila kufumbua macho, kwa kuwa ilikuwa sala.

Akatulia. Kijana wa kwaya akakipiga kipaza sauti kofi, kikanyamaza. Lo! Kumbe kilihitaji kofi tu.

Wa pili alikuwa dirisha la tatu. Upepo uliamka, nalo likaanza kubamiza. Katika dunia nzima Bwana Funguo peke yake ndiye aliyejua kwamba dirisha lile hutulizwa kwa kitabu cha nyimbo, tena kile kisicho na jalada, kikichomekwa upande wa chini. Nikaona akijisogeza ukingoni mwa benchi.

"Mama, linataka kitabu tu," alinong'ona. "Kitabu kimoja. Nakwenda na kurudi."

"Wacha libamize."

"Litavunjika kioo."

"Kikivunjika nitakilipa. Wewe ukivunjika nitamlipa nani?"

Dirisha likabamiza zaburi nzima, tena kwa mwendo uliotulia kuliko wa mpiga ngoma wetu.

Adui wa tatu alikuja na akili. Mzee Ratiba, kutoka kiti chake cha mbele, alianza kwa kumkonyeza shujaa wetu kwa nyusi. Akaendelea kwa kidole. Kisha akafanya jambo ambalo hata leo halisameheki. Aliandika kikaratasi, akakipeleka nyuma mkono kwa mkono. Kilisema: *Chooni maji yamekatika. Fanya hima.* Kilipita mikononi mwa watu kumi na mmoja, na kila mmoja alikisoma kabla ya kumpa mwenzake, na kila aliyekisoma alianza papo hapo kusikia haja. Nusu ya mabenchi yakawa yanapinda miguu. Kilipofika benchi la nne Mkunga alikipokea yeye, akakisoma, akakikunja mara mbili, akaanza kujipepea.

Bwana Funguo alikuwa anatoka jasho. Msidhani alikuwa mvivu aliyepata kisingizio. Mtu yule alikuwa akiteseka. Kila kilicholia ndani ya jengo lile kilimwita kwa jina, naye alikuwa amefungwa kwa neno moja, haya. Kwangu mimi ingekuwa rahisi zaidi kukaa juu ya siafu.

Kisha Mchungaji akafungua Maandiko, akasoma ile amri ya pumziko. Wengi wetu tunaijua tangu utotoni, kwa hiyo hatuisikii. Lakini saa ya masomo, kwa miaka ishirini na sita, ndiyo iliyokuwa saa ya kwenda nyuma kujaza tangi; Bwana Funguo alizoea kusikia mwanzo wa ibada na mwisho wake, katikati akajua kwa kuambiwa. Sasa alisikiliza kama mtoto anayesomewa barua ya baba yake. Mchungaji akasoma wanaopaswa kuachwa wapumzike siku hiyo: wewe mwenye nyumba, na mwanao, na binti yako, na mtumishi wako, na ng'ombe wako, na punda wako.

Bwana Funguo akamwinamia mkewe. Sasa, sauti ile imezoea kufukuza mbwa, kunong'ona haijui.

"Mama. Amesema punda?"

"Amesema."

"Hata punda?"

Kanisa zima likasikia. Vijana wakaanza kucheka mikononi. Mchungaji akapandisha miwani yake kwenye paji la uso, akamtafuta msemaji, akamwona; na nadhani naye ndipo alipotambua ni nani aliyekaa pale.

"Hata punda, Bwana Funguo," alisema.

Kicheko kikazimika njiani. Maana katika kioo tulimwona, au mimi nilimwona, akihesabu kwa vidole: mwana, binti, mtumishi, ng'ombe, punda. Akarudi nyuma vidole viwili, akakishika kile kidole cha mtumishi, akakitazama. Mimi niliona haya, nami si mtu wa kuona haya upesi.

Mchungaji alikuwa na mahubiri ya sehemu nne; yalikuwa katika ratiba. Akayaangalia makaratasi yake, akayakunja. Akasema maneno machache, na kwa kuwa yalikuwa machache nayakumbuka. Alisema kwamba sisi hudhani pumziko ni ujira wa aliyemaliza kazi. Lakini angalieni, alisema, mtu aliumbwa siku ya sita, jioni jioni. Siku yake ya kwanza kamili duniani ilikuwa siku ya kupumzika. Alikuwa hajamaliza kitu. Alikuwa hajafagia hata jani moja. Alialikwa kukaa kabla hajafanya lolote la kumfanya astahili kiti.

"Nikishamaliza," alisema Mkunga, si kwa sauti, ila alimgusa mumewe kwa kiwiko ubavuni, na koti la harusi likaachia uzi.

Na hapa ndipo inapoingia habari ya kisigino.

Upepo ulikuwa umeliacha dirisha ukaugeukia mlango mkubwa. Mlango ukawa unafunguka na kurudi nusu, unafunguka na kurudi nusu, nao ni mlango wa mbao nzito, unanguruma. Mzee Ratiba hakuweza kuvumilia. Akainuka, akaenda kwa ncha za vidole, akauegemeza bega, akausukuma mpaka ukafika kikomo chake. Tukasikia *pwaa*, kisha ndani ya kitasa kitu kidogo kikasema *kacha*.

Bwana Funguo akafumba macho. Kitasa kile kiliharibika kabla hata yeye hajapewa kazi. Mlango ukifika mwisho hujifunga wenyewe, na ukijifunga haufunguki ila kwa ufunguo. Ndiyo maana alisimama pale, jua na mvua, kisigino mlangoni. Miaka ishirini na sita mguu wake wa kulia ndio uliotuachia njia ya kutoka, na sisi tulisema, angalieni jinsi anavyosimama kwa adabu.

"Mama."

"Nimesikia."

"Umejifunga."

"Ndiyo."

"Watu wote wamo ndani."

"Wamo. Na wote wamekaa."

Madirisha yetu yana nondo. Mzee Ratiba akavuta mlango kwa mkono mmoja, akavuta kwa miwili, akaweka mguu ukutani akavuta kwa mwili wote. Akatoa saa, akatoa ratiba. Kisha akaja kwa hatua nzito katikati ya mabenchi, akasimama mbele ya benchi la nne, akainua mkono wake wenye karatasi, na sauti yake ikajaza paa.

"Ewe mlinzi wa nyumba hii! Kwa miaka yote hii hukuwahi kuitwa mara mbili. Ukumbini zinatungoja mada tatu na wasemaji watatu. Chai imo mabirikani, na chai haina subira! Tumechelewa dakika kumi na nne, dakika kumi na nne, ndugu yangu, na kila dakika inazaa nyingine. Jumapili ya Pumziko imo hatarini! Kizazi kijacho kitatuuliza, mlikuwa wapi ilipoanguka? Inuka, ndugu yangu! Shika silaha zako, utukomboe!"

Watu walimtazama Bwana Funguo kwa macho ya kusihi, hasa wale waliosoma kikaratasi. Na hapo, nasema kweli tupu, nikaona magoti yake yakinyooka. Hakuamua yeye, magoti yaliamua. Koti likaachana na benchi kiasi cha shubiri. Nikasema moyoni, basi, tumempoteza Mkunga. Na jambo hilo liliniuma kuliko nilivyotarajia, kwa maana yule mama alinipokelea wanangu wawili, mmoja akitanguliza miguu.

Mkunga hakumshika. Aliutoa mkoba mapajani mwake na kuuweka taratibu pale kwenye nafasi iliyoanza kufunguka kati yao. Mkoba uliingia sawasawa, ulikuwa unapajua.

Bwana Funguo akautazama. Akautazama kitambo, mtu mzima amesimama nusu, koti limempanda mabegani. Kisha akauinua kwa mikono miwili, akamrudishia mwenyewe, akaketi. Na benchi likalia kwa uzito wake wote.

"Mpaka baraka, mzee wangu," alisema. "Nimeahidi."

"Umemwahidi nani?"

"Huyu."

Neno moja tu. Watu mia mbili wakamtazama 'huyu'. Na Mkunga, ambaye hajawahi kuinamisha uso mbele ya damu wala daktari, akainamisha uso. Niliona shingo yake imelegea. Akafungua mkoba, akatoa funguo, akampa Mzee Ratiba kwa mikono miwili, kama impasavyo mtu mzima.

"Hizi hapa, baba. Ni mmojawapo."

"Upi?"

Bwana Funguo akafumbua kinywa.

"Kuelekeza nako ni kazi," alisema Mkunga. Kinywa kikafumbwa.

Hivyo Mzee Ratiba, mwenyekiti wa wazee, muasisi wa Kamati ya Pumziko, akarudi mlangoni akiwa na funguo kumi na tisa zinazofanana kama mapacha, akapiga goti, akaanza. Mchungaji alimtazama kutoka mimbarini. Kisha yeye naye, ambaye kwa kazi yake hana Jumapili hata moja, akashuka, akatafuta mahali, akaketi kwenye ngazi ya madhabahu na kunyoosha miguu. Nikafikiri ni wajibu wangu kujaza pengo, nikaanza kipande cha taratibu.

"Mpiga kinanda," aliita Mchungaji. "Na wewe."

Nikaondoa mikono kwenye kinanda. Kwa miaka kumi na saba hakuna aliyewahi kuniambia maneno hayo mawili. Nikaiweka mikono magotini, haikukaa. Nikaikunja kifuani, haikukaa. Sikujua watu huiweka wapi inapokosa kazi.

Tukakaa. Hapakuwa na la kufanya, wala pa kwenda, wala wa kumtuma. Upepo wenyewe ukachoka. Mama mmoja akavua viatu. Mtoto aliyelia tangu sala ya kwanza akalala na mdomo wazi. Huko nyuma ufunguo wa kwanza uliingia kwa dua, wa tano kwa mguno, na wa kumi na mbili kwa maneno ambayo hayamo katika kitabu chetu cha nyimbo. Lakini yalitujia kama ya mtaa wa pili. Nilitazama kioo. Benchi la nne, Bwana Funguo alikuwa amekaa mkono wake ukiwa juu ya mkono wa mkewe. Wapo waapao kwamba alisinzia. Ni waongo hao. Mimi nilikuwa na kioo, wao walikuwa na visogo vya wenzao.

Dakika kumi na moja, kwa saa ya ukutani. Siku yote ile yenye kurasa nne, hilo ndilo pumziko lote tulilolipata, nalo halikuwemo katika ratiba.

Ufunguo wa kumi na saba ukakubali. Mlango ukafunguka, mwanga ukaingia, Mzee Ratiba akasimama akifuta jasho kwa ratiba yake. Hatua moja tu alipiga, na mlango ukaanza kurudi nyuma yake, polepole, kuelekea *kacha*.

"Kisigino, mzee wangu!" sauti ya kufukuza mbwa ilipaa kutoka benchi la nne. "Cha kulia!"

Mkunga alimtazama mumewe kwa pembe ya jicho. Lakini hilo akamsamehe, kwa kuwa alilisema akiwa amekaa.

Na hivyo, mgongo ukutani, kisigino cha kulia mlangoni, Mzee Ratiba akaupokea mwisho wa ibada. Mchungaji akainua mikono. Sote tukainuka kupokea baraka, na Bwana Funguo akainuka pamoja nasi, safari hii bila kutumwa, akainuka kwa sababu kila mtu anainuka. Tukasema amina. Kisha kundi likatoka kwa mbio, wengine kuelekea semina, wengine, wale wa kikaratasi, kuelekea pengine.

Waandishi wa habari za wakubwa na waandike wayapendayo, nani aliteka mji gani, nani alivuka mto upi. Mimi naandika kwamba siku ile, saa tano na nusu na dakika moja, ngome haikuanguka. Iandikwe kwa wino usiofutika, isomwe na wanakwaya watakaokuja, kwamba alikuwapo mtu katika siku zetu aliyeitwa na kipaza sauti, na dirisha, na choo, na mlango, na mwenyekiti, na asiinuke! Kamati yenyewe, katika kikao chake kilichofuata, Jumapili, iliagiza kwamba wazee wa kanisa washike mlango kwa zamu kila juma, kwa kisigino, na kwamba gharama ya kitasa kipya ichunguzwe na kamati ndogo. Kamati ndogo bado inachunguza.

Nilibaki nafunga kinanda. Walikuwa wamebaki wao wawili tu, wameketi tena.

"Haya, baba, baraka tumepata," Mkunga alisema, akiinuka na kukusanya kitambaa chake. "Umetimiza neno lako, huna deni kwangu. Nenda. Dirisha lako linakungoja."

Bwana Funguo aliliangalia dirisha la tatu. Akaangalia vitabu vilivyotapakaa, na karatasi za ratiba sakafuni, kurasa nne mara mia mbili, ambazo nani mwingine angeziokota?

"Ngoja kidogo, mama," alisema.

Mkunga akaketi tena. Alitafuta pa kuuweka mkoba. Pale pake palikuwa na mtu. Akauweka chini.